Kigunduzi cha urujuanimno kikichelewa, tazama viungo kwanza

Kwa anayetengeneza vigunduzi vya mionzi ya urujuanimno kwa nanowaya (nyaya nyembamba mno) za oksidi ya zinki, nashauri abadili kwanza metali inayozigusa nyaya hizo, ndipo ahangaike na namna ya kuziotesha. Nimeifanya kazi hii hapa Tanga, katika chumba kilicho jirani na bahari, na mara nyingi ucheleweshaji wa kigunduzi umetokana na uso wa waya na viungo vyake, yaani pale metali inapougusa, si kiini chake.

Gizani, oksijeni ya hewani hujibandika juu ya waya na kunyang'anya elektroni. Mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 370 hivi huzaa elektroni na mashimo, yaani nafasi zinazoachwa na elektroni; mashimo hukimbilia usoni, oksijeni ikabanduka, mkondo ukapanda. Taa ikizimwa, mkondo haushuki vizuri mpaka oksijeni ijibandike upya, jambo linaloweza kuchukua dakika kadhaa. Viungo vya titani au alumini, ambavyo kwa kawaida hupitisha elektroni bila kikwazo, huuacha mwendo huo wa polepole uamue kila kitu. Dhahabu na platini huweka mpakani kizuizi cha Schottky, yaani kizingiti cha umeme kati ya metali na waya, na oksijeni kidogo ikirudi hapo tu, kizuizi huinuka na mkondo hukatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha muda wa kurejea ukishuka kutoka sekunde 417 hivi hadi 0.8 kwa njia hiyo, na hadi milisekunde 20 hivi uso ulipopakwa polima.

Wakati wa masika, maji ya hewani hugombania uso uleule na oksijeni, kwa hiyo mimi hupimia ndani ya kisanduku kinachopitishwa hewa kavu. Asidhani mtu kwamba ombwe lingefaa zaidi: pasipo oksijeni, mkondo unaweza kubaki juu kwa saa nyingi.

Vyombo navyo vipimwe. Ukinzani wa gigaomu 1 na kebo ya pikofaradi 100 hukuchelewesha sekunde 0.1, hata waya uwe wa kasi kiasi gani. Tumia LED ya nanomita 365 inayowashwa na kuzimwa kwa mapigo, pamoja na osiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya umeme, na uhesabu muda wa mkondo kushuka kutoka asilimia 90 hadi 10 ya kimo chake.

Mkondo mkubwa na kasi kubwa havipatani kirahisi, kwa kuwa elektroni inayodumu ndiyo inayoukuza mkondo. Anayetaka kupima ukali wa jua kwa wakulima wa mwani anatosheka na sekunde moja, na polima anaweza kuiacha.