Mbao za nje za chombo tunachoishi: maswali yenu na majibu yangu

Mashua yetu ya tanga ina urefu wa futi 36. Imetia nanga katika hori ya Kilifi, na mimi na mke wangu tunalala humo mwaka wa tisa sasa. Kila mbao iliyo juu ya sitaha, kuanzia kana ya usukani hadi fremu za mifuniko, nimeikwangua kwa mikono yangu zaidi ya mara moja. Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu mbao hizo.

Shikamoo fundi. Februari nilipaka vanishi kwenye kana na vishikio vya sitaha. Sasa ni Agosti na inabanduka kama gamba la nyoka. Fundi wa hapa Mtwapa anasema atapiga mikono miwili, yaani matabaka mawili ya vanishi, juu yake, kazi iishe. Nikubali?

Marahaba. Usikubali. Vanishi ikishabanduka, mbao iliyo chini yake imeshaungua kwa jua. Miale hupenya vanishi na kuivunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, basi nyuzi za juu zinalegea. Ukipaka juu yake, vanishi mpya itashikilia nyuzi zilizokufa na vyote viwili vitang'oka pamoja. Utalipa mara mbili.

Kwangua yote mpaka uone rangi halisi ya mbao, uanze na msasa namba 80, kisha 120, umalizie na 180, ukifuata nyuzi. Kama ni mtiki, ule ambao wazee wetu huuita msaji, ufute kwa asetoni na uanze kupaka siku hiyo hiyo, maana mti huo una mafuta yake na yakipanda juu vanishi haishiki. Mkono wa kwanza changanya vanishi na thina nusu kwa nusu, ili izame. Wa pili weka thina robo. Kuanzia wa tatu paka vanishi yenyewe, nyembamba, na kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini wa 320 na ufute vumbi.

Mikono mingapi? Hukuniambia ulipiga mingapi Februari, lakini nadhani haikuzidi mitatu. Kwa jua la pwani yetu, minane. Najua inachosha. Na hakikisha ni vanishi ya vyombo vya baharini: ile ya makabati hukauka ikawa ngumu kama kioo, na mbao inapotanuka na kunywea kila siku kwa joto na unyevu, yenyewe haiwezi kuifuata, inapasuka.

Paka asubuhi, umande ukishakauka, na uache kabla jua halijawa kali, kwani kwenye mbao ya moto vanishi hutoa vipovu. Ukipaka jioni, umande wa usiku utaufifiza mng'ao wote. Msimu mzuri ni kaskazi, Januari na Februari. Hapo ulichagua vizuri. Baada ya hapo kila miezi mitatu osha chumvi kwa maji baridi ya bomba, pitisha msasa, piga mikono miwili. Fanya hivyo wakati bado inang'aa. Ukingoja mpaka ionekane inahitaji, umerudi kwenye kukwangua.

Sitaha yangu ya mtiki imekuwa ya kijivu kabisa. Wageni wanaona nimeitelekeza. Nipake mafuta ya kitani? Niko Tanga.

Iache. Kijivu kile ni ngozi ya juu tu, mbao ya ndani ni nzima. Mafuta ya kitani kwenye unyevu wetu ni chakula cha ukungu. Baada ya wiki chache sitaha itakuwa nyeusi. Isugue kwa maji ya bahari na brashi laini, ukikata nyuzi, usizifuate, kwa sababu ukizifuata unachimba sehemu laini na kuacha mifereji. Jiki isiguse. Msasa nao uuogope, kila unapopita unapunguza unene ambao haurudi.

Ukihitaji kubadili ubao, mko karibu na shamba la mitiki la Longuza kule Muheza. Dai kiini cha mti. Ubao mweupe wa pembeni haufai baharini.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi hapa Lamu, na mbao zote alizipaka sifa. Sisi vanishi ya nini?

Swali zuri, na baba yako alijua alichofanya. Sifa, mafuta ya ini la papa, huzuia maji vizuri, na kwa chini ya jahazi walipaka shahamu na chokaa. Lakini ilifaa kwa sababu mabaharia walirudia kila mara, bila kuchoka. Haichuni, haipasuki, unaongeza tu. Kama harufu haikusumbui na watoto hawataikalia na nguo nyeupe, sina la kukupinga. Ila chagua moja: mbao iliyokunywa sifa haitakubali tena vanishi wala rangi.

Madoa meusi yamezunguka bolti za vishikio, chini ya vanishi. Nisugue? (Msasani)

Doa ni habari kwamba maji yameingia. Fungua bolti, choma mbao kwa ncha ya kisu; ikizama, imeoza na ikatwe. Ikiwa ngumu, iache ikauke siku kadhaa, toa doa kwa asidi ya oksali ukiwa umevaa glavu, suuza sana. Paka vanishi hadi ndani ya tundu, kisha rudisha bolti na gundi-mpira ya baharini, mpya kabisa.

Tunaishi chomboni na watoto wawili. Vumbi na harufu tunafanyaje?

Siku ya msasa watoto waende nchi kavu, mifuniko ifungwe, na wewe vaa barakoa. Vumbi la mvule na la mtiki huwasha ngozi na kuumiza mapafu.

La hatari zaidi ni vitambaa. Kitambaa chenye mafuta ya kitani, kikikunjwa, hupata moto chenyewe bila kiberiti. Mimi nilivirundika ndani ya ndoo chini ya ngazi, nikaenda sokoni. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu, akaitupa ndoo baharini ikifuka moshi. Siku hizi vinaanikwa kimoja kimoja kwenye kamba ya tezi, yaani nyuma ya chombo, na tukimaliza vinalala kwenye debe la chuma lenye maji na kifuniko.