Kwa yule aliyeuliza kama kaka yake alipe afundishwe aksenti

Naona tangu jana watu wanajibu kwa mstari mmoja mmoja, "Wakenya tuko sawa", "Kiingereza chetu ni cha juu", na huyu ndugu aliuliza kitu cha maana. Kaka yake mdogo ameitwa intavyuu hapa Nakuru, kampuni ya kupeleka mboga nje, na kuna mtu amemwambia alipe shilingi 8,000 afundishwe aksenti kwanza juu ati anashrabu sana, yaani lugha ya nyumbani inasikika kwa Kiingereza chake, ni mtu wa Bungoma, B yake inatoka P. Asilipe. Wacha nieleze kwa nini, na ni ndefu kidogo mnisamehe.

Mimi ni wa Ahero lakini niko Naivasha kwa maua mwaka wa 11 sasa, minne nikipanga waridi kwa gredi na hii mingine kwa ofisi ya mauzo. Kuanzia asubuhi mpaka lori litoke ni Kiingereza, na karibu wote ninaoongea nao si lugha yao. Kuna Mholanzi wa Aalsmeer, kuna Mjapani, kuna Msaudi wa Jeddah, Mwingereza ni mmoja tu. Na si kwetu peke yake, David Crystal, yule Mwingereza mtaalamu wa lugha, alishakadiria kwamba kwa kila mtu mmoja aliyezaliwa na Kiingereza kuna kama watatu waliojifunza. Kwa hivyo huyo kaka akipata kazi, kuna uwezekano mkubwa mtu atakayempigia simu naye alijifunza darasani kama yeye.

Sasa niwaambie kitu kilichonipata mwaka wangu wa kwanza ofisini, ilikuwa ile wiki ya kabla ya Valentine ambayo hakuna mtu analala. Yule Mwingereza akapiga jioni akauliza, yaani kwa Kiswahili ni kama, "Hamjapakia maboksi yangu?" Nikamjibu "yes". Kwangu hiyo ni ndio, bado, vile mama akikuuliza "hujala?" unasema "ndio" na yeye anaenda kukutolea ugali. Yeye akasikia yamepakiwa, akafunga simu akaambia watu wake mzigo uko njiani. Maboksi 60 ya waridi nyekundu yakalala kwa chumba cha baridi, lori likaenda Nairobi bila hayo. Kesho yake bosi alinisimamisha mbele ya ofisi nzima akasema Kiingereza changu ni kibovu, na nililia siku hiyo, sitaficha. Lakini angalieni hiyo sentensi yangu, ni neno moja, halina kosa la grama wala la matamshi.

Wiki chache baadaye Mjapani akauliza swali lile lile kuhusu oda yake, na kabla sijajikumbuka nikajibu "yes" vile vile. Akauliza tu, basi yatatoka saa ngapi? Alinielewa kabisa! Nilipomuuliza akaniambia hata kwao ukiulizwa "hujafanya" unaitikia ndio, maana yake ni kweli sijafanya. Mtu wa Ahero na mtu wa Japani tunaelewana kwa Kiingereza kuliko mwenye Kiingereza chenyewe. Tangu hapo sijibu "yes" peke yake, nasema sentensi nzima, hayajapakiwa, lori linatoka saa fulani.

Na msidhani ni mambo ya maua tu. Mwaka wa 1977 ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwa uwanja wa Tenerife, watu 583 wakafa. Kulikuwa na ukungu na redio ziliingiliana, lakini pia rubani Mholanzi alisema kwa Kiingereza kitu kama "sasa tuko kwa kupaa", yule Mhispania wa mnara akaelewa wako tayari wanangoja, kumbe ndege ilikuwa inakimbia tayari. Wote wawili walikuwa wanaongea lugha ya kujifunza na hakuna aliyemuuliza mwenzake unamaanisha nini hasa. Baada ya hapo neno la kupaa liliwekewa sheria, halitamkwi ovyo kwa redio, na tangu 2008 marubani wa safari za nje wanapimwa Kiingereza kwa ngazi sita na lazima ufike ya nne. Wanaangalia kama unaeleweka, kuwa na lafudhi ya nyumbani si kosa.

Waholanzi nao wana yao. Akikwambia "half eight" usikimbilie saa mbili na nusu, kwa lugha yao hiyo ni nusu kabla ya nane, yaani 7:30 asubuhi, na Mwingereza akitamka maneno hayo hayo anamaanisha 8:30. Sisi na saa zetu za Kiswahili juu yake! Mimi nauliza kwa namba, 7:30 ama 8:30, na sioni aibu.

Aksenti basi. Kuna mwalimu mmoja Mwingereza, Jennifer Jenkins, alichunguza wageni wakiongea Kiingereza wao kwa wao, akatoa kitabu mwaka wa 2000, akasema ile "th" tunayopigiwa kelele haizuii mtu kukuelewa. Vinavyosumbua ni vitu kama urefu wa irabu na mahali unapokaza sauti. Mimi nakubali kabisa, juu kitu kinachotuumiza kwa simu ni "fifteen" na "fifty". Boksi 15 zikiwa 50, hiyo ni pesa ya watu. Mabaharia walishalimaliza hili, kwa orodha yao ya maneno ya redio iliyopitishwa 2001 namba inasomwa tarakimu moja moja, 15 ni "one, five". Na mimi nafanya hivyo.

Kitu kilichotuharibu ni woga. Shule ya msingi nilivaa disk, kijiti cha mbao kwa kamba shingoni, kwa kuongea Dholuo, na jioni waliokuwa wamekivaa wote tulichapwa. Kwa hivyo nilifika ofisini mtu mzima na nikisikia vibaya siulizi, naogopa kuonekana sijui. Halafu binamu yangu nesi wa Kisumu, amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ili aende Uingereza ilibidi alipie mtihani wa Kiingereza unaoitwa IELTS na afikishe alama 7 ya kusoma, kusikiliza na kuongea, 6.5 ya kuandika. Inaniuma mpaka leo.

Kaka asibadilishe B yake. Afanye mazoezi ya kusema "rudia tafadhali" bila kuomba msamaha, na kurudia oda yote kabla ya kukata simu. Leo jioni mpigie ukiwa chumba kingine umsomee namba za oda haraka haraka kama mteja mwenye haraka, 13, 30, 16, 60, azirudie moja moja, mkimaliza mbadilishane.