Kufuata nyayo za Paulo Ugiriki: maswali yenu

Tangu nitaje hapa kwamba nimerudi tena Filipi na kikundi cha usharika wetu, simu haipumui. Maswali mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua machache nikayajibu kwa mpigo.

Mwalimu, tumeletewa safari ya siku 8: Thesalonike, Filipi, Beroya, Meteora, Delphi, Athene, Korintho, Patmo na Efeso. Zinatosha? (Mzee wa kanisa, Moshi)

Zinatosha kupiga picha. Piga hesabu, mzee wangu: siku mbili zinaliwa na ndege, zinabaki sita. Kutoka Thesalonike hadi Athene ni kama kilomita 500 za barabara. Patmo haina uwanja wa ndege, kwa hiyo ni meli, na meli ya kutoka Pireo, bandari ya Athene, inakula saa nyingi. Waambieni waondoe visiwa na Efeso, mbaki bara. Hiyo ndiyo njia ya Matendo 16 hadi 18: Neapoli (siku hizi Kavala), Filipi, Thesalonike, Beroya, Athene, Korintho. Patmo iwekeeni akiba ya safari nyingine. Kisha ulizeni Filipi mmepangiwa muda gani. Wakisema dakika hamsini, kataeni. Pale panataka nusu siku.

Lile gereza wanaloonyesha Filipi ndilo alimofungwa Paulo na Sila? (Msomaji, Nakuru)

Kwa uwezekano mkubwa, sivyo. Ni shimo la mawe kando ya magofu ya kanisa kubwa, na wachimbaji wa mambo ya kale wanaliona kama tangi la maji la enzi za Warumi. Baadaye waumini walilifanya mahali pa ibada, na kutani mlichorwa picha. Safari ya kwanza nilipoambiwa hivyo nilinywea. Nilikuwa nimekwisha piga magoti!

Lakini usiondoke umenuna, maana hatua chache kutoka hapo kuna vitu vyenye uzito zaidi. Barabara ya Kirumi, Via Egnatia, inapita katikati ya mji, na mawe yake yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Mtu aliyetoka Neapoli kuingia mjini alifuata barabara hiyo. Chini kidogo kuna magofu ya kanisa la pembe nane, na chini yake sakafu ya kanisa la zamani zaidi. Sakafu hiyo ina maandishi ya vijiwe vya rangi yanayomtaja Askofu Porfirio na kanisa la Paulo. Ni ya karne ya nne mwanzoni. Yaani hata miaka 300 haikupita tangu Paulo apigwe viboko mji ule, na tayari watu wake walikuwa na kanisa lenye jina lake. Mimi siku hizi nasimama pale kuliko kwenye tangi.

Na ukipita Thesalonike, kumbuka neno moja. Matendo 17 inasema Yasoni, mwenyeji wa Paulo, alikokotwa mbele ya wakubwa wa mji. Kwa Kigiriki Luka anawaita *politarchai*, cheo ambacho hakikuonekana katika vitabu vya waandishi wengine wa kale, na wapo waliomshuku kwa hilo. Kisha yakapatikana mawe yenye cheo hichohicho, mojawapo likiwa kwenye lango la Vardar la mji huo, lililobomolewa karne ya 19. Jiwe hilo sasa liko British Museum, London. Ukilitafuta Thesalonike hutalipata.

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Ataweza kupanda Areopago? (Binti, Mombasa)

Kilima hicho cha Athene, anapokumbukwa Paulo kwa hotuba yake, si kirefu, ila mwamba wenyewe umesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi unateleza kama sabuni. Kuna ngazi za chuma kando ya zile za kale zilizochongwa kwenye jiwe. Apite hizo za chuma, avae raba, tena asubuhi kabla jua halijakolea. Mvua ikinyesha, asijaribu kabisa.

Asipoweza, hajapoteza. Chini kuna bamba la shaba lenye hotuba yote ya Paulo kwa Kigiriki. Aketi hapo, wewe msomee Matendo 17 kwa sauti, ukifika "Kwa Mungu asiyejulikana" mwonyeshe mahekalu ya Akropoli juu yake. Na umnong'oneze kwamba wataalamu wengine wanadhani "Areopago" pale ni baraza la mji lililoitwa kwa jina la kilima, ambalo huenda lilikutana chini sokoni. Kwa hiyo huenda waliobaki chini ndio waliokaa mahali sahihi.

Sisi ni Walutheri. Tukiingia kanisa la Kiorthodoksi siku ya Jumapili, tunaruhusiwa kushiriki meza ya Bwana? (Kiongozi wa kwaya, Iringa)

Meza, hapana, ni kwa Waorthodoksi waliojiandaa. Mwishoni kuna mkate uliobarikiwa, antidoro, ambao mara nyingi hugawiwa hata wageni, basi pokeeni kwa mkono wa kulia. Washeni mishumaa, simameni kwa utulivu, simu mfukoni. Kama mmewahi kuhudhuria ibada ya Waorthodoksi wa hapa Afrika Mashariki, mtaitambua liturgia hata bila kujua Kigiriki.

Kuhusu mavazi: kwenye monasteri za Meteora mwanamke havai suruali na mwanamume havai kaptula. Mlangoni wanaazima vitambaa vya kujifunga, vimevaliwa na dunia nzima. Bebeni kanga zenu. Mtawa mmoja aligusa kanga ya dada yetu, akataka kujua imeandikwa nini. Tukajikuta tunatafsiri jina la kanga mbele ya foleni.

Viza moja inatosha kwa Patmo na Efeso? (Msomaji, Dar es Salaam)

Patmo ni Ugiriki, kwa hiyo viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inakufikisha. Efeso iko Uturuki, yenye taratibu zake za kuingia. Tatizo ni kurudi: ukitoka Ugiriki kwenda Efeso kisha ukarudi kupanda ndege Athene, lazima viza yako ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Wakala wetu, ambaye simtaji, aliwaombea wawili wetu ya mara moja tu. Walibaki kisiwani Samos, upande wa Ugiriki, siku nzima wakiangalia milima ya Uturuki ng'ambo ya maji. Bima ya safari nayo, kiasi inachofidia kisipungue euro 30,000.

Korintho kuna nini zaidi ya mawe? (Mwanafunzi wa theolojia, Arusha)

Mawe yanayosema! Utaona jukwaa la hukumu, *bema*, alipoletwa Paulo mbele ya liwali wa Kirumi, Galio (Matendo 18). Karibu na uwanja wa michezo ya kuigiza kuna maandishi ya Kilatini ya mtu aitwaye Erasto, aliyetengeneza sakafu ile kwa fedha zake mwenyewe. Kama ni yule wa Warumi 16:23, wasomi bado wanavutana.

Ila lililo kubwa haliko Korintho, liko Delphi. Mabasi husimama Delphi kwa ajili ya hekalu la Apolo, mungu wa Wagiriki wa kale, kiongozi anaeleza habari za wapiga ramli, mnanunua maji, mnaondoka. Kumbe pale ndipo vilipookotwa vipande vya barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio kuwa liwali. Kwa barua hiyo wanahistoria wanamweka Galio Korintho karibu na mwaka 51 au 52, na tarehe nyingine za maisha ya Paulo zinahesabiwa kuanzia hapo, kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwombe kiongozi akuonyeshe.

Nimeshabatizwa. Naweza kubatizwa tena kwenye mto wa Lidia? (Mama mfanyabiashara, Morogoro)

Hilo muulize mchungaji wako, mimi wangu alinikatalia kabla sijamaliza sentensi. Mto wenyewe ni mwembamba, nje kidogo ya magofu ya Filipi, una miti ya kivuli na ngazi za mawe za kushukia majini. Maji ni baridi hata mwezi wa tano. Sisi tulivua viatu, tukakaa kwenye ngazi miguu ikiwa majini, tukasoma Matendo 16 kuhusu Lidia, mwuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira. Kikundini tulikuwa na mama anayeuza vitenge Kariakoo. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza: "Mwalimu, huyu mwenzangu alikuwa anauza jumla au rejareja?"

Luka hakuandika.