Fundi Tuulize: Hiyo "lini" ya saiti ni kitu gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni fundi umeme niko Mbezi Dar, nina vijana sita, tumechukua kazi kama sabkontrakta kwenye jengo la ghorofa nne. Mkandarasi mkuu kaja na kitu anakiita lini, mwanzo nikadhani ananiuliza tunamaliza lini, kumbe ni mfumo 😂. Kila Jumatano asubuhi tunaitwa wote, wa bomba, wa plasta, wa aluminiamu, tunaandika kazi za wiki ijayo kwenye vikaratasi vya kunata tunabandika ukutani. Mi naona ni kupotezeana muda af baadae ndo wanakubana na ulichoandika. Wiki iliyopita nimepeleka vijana wote nikakuta mbao za jamvi (zege la sakafu ya ghorofa) hata hazijakaa, wamekaa hadi saa nane mchana na posho nimelipa. Niendelee na hivo vikao au niwe natuma tu kijana akaniandikie?
Fundi wa Mbezi

JIBU: Marahaba kijana. Usitume mtu, nenda mwenyewe.

Hiyo lini (kwa Kiingereza lean), yani kufanya kazi bila kupoteza muda na mali, mizizi yake ni Toyota kule Japani, mzee Taiichi Ohno na wenzake baada ya vita walipokua wanapambana na hasara kiwandani, na kusubiri bure nako walikuhesabu ni hasara sawa na mali iliyoharibika. Mwaka 1992 Mfini mmoja, Lauri Koskela, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford Marekani akaandika kwamba ujenzi nao uangaliwe kwa jicho hilohilo, af watafiti Glenn Ballard na Greg Howell wakaingia saiti kuhesabu ahadi, yani umesema utafanya hiki wiki hii, umekifanya au hujakifanya. Wakakuta zinazotimia ni karibu nusu tu. Nusu! Na hao ni Wamarekani wenye kreni na kila kitu. Ndo ukaja mfumo unaitwa Last Planner, mpangaji wa mwisho, na mpangaji wa mwisho sio injinia mwenye laptop ofisini, ni wewe unaesema we panda juu, we kata paipu. Sasa ukimtuma kijana nani anapanga?

Kosa lako wiki iliyopita halikua kuandika, ulichoandika ndo kilikua hakijawa tayari. Kabla hujabandika kikaratasi cha paipu za nyaya za kwenye jamvi uliza kwanza, mbao zimekaa? nondo za chini zimesukwa? mchoro wa pointi (sehemu za taa, swichi na soketi) umepitishwa? paipu na boksi ziko stoo? Jibu moja likiwa hapana hubandiki, unasema palepale mbele ya wote "Jumatatu siingii mpaka fomani wa nondo anipe siku". Hapo ndo wengi wetu tunakwama, maana kumwambia bosi hapana kwetu inaonekana jeuri, mtu anajua kabisa haiwezekani ila anaitikia "tutajitahidi bosi". Hiyo tutajitahidi ndo imekula posho ya vijana wako sita.

Wiki ikiisha jihesabu kwenye daftari. Umeahidi kazi kumi zimeisha sita, hiyo 60 kwa mia, na ile iliyobakiza soketi mbili haijaisha, usijipe nusu maksi. Pembeni andika sababu ya kila iliyofeli. Ukifanya mwezi mzima unaweza kukuta sababu ni ileile inajirudia, basi iyo ndo unaipeleka kikaoni badala ya kwenda kulaumiana na watu wa nondo.

Ila nikuonye kidogo. Ukifika ukakuta fomani ameshakubandikia vikaratasi vyako, hiyo sio lini, ni ratiba ya zamani imepakwa rangi. Na angalia unalipwaje. Kama bei yako ni kwa pointi, kila saa usiyopoteza ni hela yako, lakini kama unalipwa kwa siku anaeokoa ni mkandarasi mkuu, kwaiyo ongea nae mapema. Na hela zitoke kwa wakati jamani, huwezi kutimiza ahadi ya Jumatatu wakati paipu za mwezi jana hujalipwa bado.

Kwa upande wako anza na stoo. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, huenda umeyaona hospitalini, ni 5S zilezile za Wajapani, hatua tano za kupanga sehemu ya kazi. Kijana akitafuta koplingi (kiungio cha paipu) ya 20 kwa nusu saa na we unamlipa, hapo huhitaji kikao cha mtu.

SWALI: Salaam mzee, mimi nafunga tailizi huku Nyali. Bosi kasoma hayo mambo ya lini sasa anasema tusinunue tailizi zote mara moja, tununue ghorofa kwa ghorofa. Yuko sawa?
Fundi wa Mombasa

JIBU: Kwenye kupandisha yuko sawa, kwenye kununua hapana. Tailizi zilizotengenezwa kwa awamu tofauti rangi inaweza kupishana hata kama jina kwenye boksi ni lilelile, kwaiyo nunueni zote za awamu moja pamoja na za akiba, zikae kwa muuzaji akikubali au stoo ya chini. Huko juu zipande za chumba mnachofunga siku hiyo tu. Mkizirundika zote juu mtazihamisha weee, leo fundi bomba anataka kupita, kesho fundi rangi anataka kona yake, na kila mkihamisha boksi moja linavunjika pembe.