Nimeanza kusoma Qur'ani uzeeni, je kuuliza sana ni dhambi?

SWALI: Shekhe, nina miaka 61, ndo nimeanza kusoma Qur'ani kwa binti umri wa mjukuu wangu, herufi ha na kha bado zinanipiga chenga. Nikiuliza maana, wenzangu wananiambia mtu mzima haulizi ulizi, eti kuna aya imekataza. Je napata dhambi?

JIBU: Mama yangu, hakuna dhambi hapo, endelea. Ila maneno ya hao wenzio yameniuma sana, maana wameibeba aya ya 101 ya Surat al-Maida wakaitoa mahali pake kabisa. Ile aya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kaieleza na iko kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari, watu walikuwa wanamuuliza Mtume ﷺ kwa kejeli, huyu anasema baba yangu nani, yule ngamia wake kapotea anataka aambiwe yuko wapi. Sasa we unauliza maana ya neno unalolisoma kwenye swala, ngamia kaingilia wapi? Na mbona hawasomi an-Nahl 43, waulizeni wenye ilimu ikiwa nyinyi hamjui? Allah hakuweka umri pale.

Na hilo la kusomeshwa na mtoto, Amr bin Salama, mtoto wa zama za Mtume, alikuwa na miaka sita au saba hivi akawaswalisha watu wazima wa kabila lake, kwa sababu yeye ndo alikuwa na Qur'ani nyingi, na wazee wakasimama nyuma yake. Halafu Nabii Musa, mtu kasemeshwa na Mola wake, alipoulizwa nani mjuzi zaidi akajibu ni mimi, Allah akamlaumu, akafunga safari mpaka akachoka, akamwambia Khidhri, yule mja aliyepewa ilimu na Allah, je nikufuate unifundishe? Khidhri alimtaka asubiri kabla ya kuuliza, ni kweli, lakini hiyo ni adabu ya darasa lile wala si kufunga mdomo wa anayetafuta elimu.

Zile herufi zinazokukwama zisikutoe machozi, mama. Mtume ﷺ kasema anayeisoma Qur'ani kwa kutatizika na ikawa ngumu kwake ana ujira mara mbili, kwa hiyo kidole chako kikirudi kwenye ha ileile mara ya kumi usimwonee haya huyo binti, mwambie arudie polepole, umwangalie koo na mdomo, ha haikwaruzi, kha inakwaruza. Mwombee dua pia, anasubiri vizuri. Ukifika sura ya Alam nashrah niandikie tena, nataka nijue.