Ugonjwa Haukukimbia

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu hapa barazani, mvua ya Kisumu ikipiga mabati. Unaniuliza neno "run" lina maana ngapi, kwa sababu ya yule nyanya wa wodini. Daktari alisema sikoseli "runs in the family", yaani ni ugonjwa wa damu wa kurithi katika ukoo, nawe kwa haraka ukamtafsiria kwamba ugonjwa huo unakimbia katika familia yao. Nyanya akainua mikono akamshukuru Mungu. Alidhani umeondoka.

Kamusi kubwa ya Oxford imehesabu maana 645 za kitenzi hicho. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa nacho miezi tisa hivi. Katika toleo la 1989 kilichoongoza kilikuwa "set".

Lakini si wingi huo uliokuangusha. Tangu zamani Waingereza walilitumia neno hilo kwa miguu na kwa maji, basi mto unakimbia, pua inakimbia, na mashine zilipokuja zikakimbia pia, hadi programu za kompyuta. Sisi tuligawa. Mto hutiririka, kamasi hutoka, mwanasiasa hugombea. Kukimbia tukakuachia miguu, tena mara nyingi miguu inayoponyoka kitu. Mkimbiaji yuko Iten, mkimbizi yuko Kakuma, na shina ni lilelile. Ugonjwa ukikimbia, nyanya aelewe nini zaidi ya kwamba umeshindwa?

Pahali lugha hizi mbili zinapokutana, nami napapenda sana, ni kwenye "endesha". Tunaendesha gari, tunaendesha duka, na mtoto akila mapera mabichi tumbo linamwendesha. Hapo "run" inakaa bila kusukumwa. Kwa sikoseli haikai.

Kwa hiyo mrudie nyanya. Mwambie: "Ugonjwa huu uko kwenye ukoo wenu. Mtoto ameurithi kwa baba na kwa mama, hata kama wao wenyewe ni wazima." Hapo hakuna kitenzi cha "run", wala hakihitajiki. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mwenzako, maana furaha ile ulimpa wewe. Vuta kiti uketi karibu naye kabla hujafungua mdomo. Akilia, mwache alie, na umngoje.

Kisha unipigie, hata ikiwa usiku.

Baba yako