Gramu 50 za mchele si gramu 50 za wali

SWALI: Pakiti ya mchele imeandikwa kuwa kipimo cha mtu mmoja ni gramu 50. Nikipima gramu 50 za wali napata vijiko vichache tu, na njaa inanirudia mapema. Je, kiasi hicho kinatosha kweli? Na nisipokuwa na mizani nikadirieje?

JIBU: Hakitoshi, na umejinyima bure. Gramu hizo ni za mchele, si za wali. Mchele ukipikwa hunywa maji, uzito ukafika karibu mara tatu: gramu 50 hutoa wali wa gramu 150 hivi, yaani kikombe cha mililita 240 kisichojaa sana. Umekuwa ukila theluthi yake. Kwa nyama mambo hugeuka, maana yenyewe hupoteza maji jikoni. Mnofu mbichi wa gramu 120 ukiiva hubaki kama gramu 90. Basi kabla ya kupima, angalia kama kipimo ni cha chakula kibichi au kilichoiva.

Bila mizani, tumia mkono wako. Wali, ngumi moja. Nyama au samaki, upana na unene wa kiganja bila vidole. Mkono wa mtoto ni mdogo na mahitaji yake pia, hivyo kila mtu apime kwa wake. Mboga za majani usizibanie: zijaze nusu ya sahani, zitakusaidia kushiba. Anayetumia insulini asikadirie kwa ngumi. Apime wanga kama alivyoelekezwa na daktari.

Mafuta ndiyo hayakadiriwi kwa macho hata kidogo. Kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, kina kilokalori 120 hivi, na zile gramu 50 za mchele zina 180 hivi. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hufikisha vijiko vitatu kwa urahisi, na hapo ameongeza nishati sawa na wali wa watu wawili. Pima kwa kijiko kila unapopika.

SWALI: Chupa ya soda inasema gramu 10 za sukari. Si nyingi, au sivyo?

JIBU: Soma maneno yaliyo juu ya safu hiyo. Mara nyingi ni "kwa mililita 100". Chupa ya mililita 500 basi ina gramu 50, kama vijiko 12 vya chai.